Kocha Si Filimbi

Hukumu imeshatolewa kwenye vijiwe vya kahawa, maofisini na kwenye makundi ya familia, tena haina rufaa: anayemlipa kocha wa mazoezi wa mtandaoni ameliwa. Kijana asiyejulikana anakutumia orodha ya mazoezi kwa simu, wewe unamtumia hela kwa simu, kitambi kinabaki palepale. Mzee mwenzangu mmoja tunayekunywa naye kahawa Tabata kila Jumamosi jioni, beki wa kulia wa kuogopwa enzi zake, ameifupisha zaidi hukumu hiyo. Kocha wa kwenye simu, anasema, ni sawa na mganga wa redioni: anatibu asiowajua, magonjwa asiyoyaona.

Mimi ni mteja wa kocha wa namna hiyo, mwezi wa kumi na nne sasa. Nina miaka 52, kazi yangu ni ya kukaa, na kocha wangu ni binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Anaishi Mwanza na hatujawahi kupeana mkono. Kwa hiyo nasimama hapa kama mshitakiwa, na maneno yangu yapimwe hivyo. Lakini hata mshitakiwa hupewa nafasi ya kujitetea.

Nianze na ujanja uliomo ndani ya mashitaka. Wakosoaji wanapomlinganisha kocha wa mtandaoni na kocha wa jimu, huyu wa jimu wanamchora kama malaika mlinzi: amesimama pembeni, macho hayabanduki kwako, mikono iko tayari kukudaka. Mimi nimewahi kuwa na kocha wa jimu. Nililipa miezi mitatu mbele. Kijana mwenye kifua kama ngao, filimbi shingoni, sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya pili alinipakia chuma mabegani bila kuniuliza kama nimewahi kuumia (nimewahi, kiuno, mwaka 2011, kwa kuhamisha jokofu la shemeji). Nilipofika mara ya sita ya kuchuchumaa, yeye alikuwa anajibu meseji. "Twende mzee, twende!" alipaza sauti bila kuinua kichwa. Nikaenda kweli. Nilikwenda kulala chali siku tisa. Alikuwa hatua mbili kutoka nilipo na hakuona kitu.

Sidai kwamba wote wako hivyo. Nadai tu kwamba kuwepo ni jambo moja na kuangalia ni jingine, na hoja nzima dhidi ya kocha wa mbali inasimama juu ya kuyachanganya hayo mawili.

Sasa njoo sebuleni kwangu, Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Meza imesukumwa ukutani. Simu imeegemezwa kwenye pakiti ya unga ya kilo mbili, juu ya stuli, usawa wa kiuno, ubavuni kwangu. Kocha alinifundisha hivyo wiki ya kwanza, kwa sababu ukijirekodi kwa mbele utayaona magoti, mgongo hutauona. Mikononi nina madumu mawili ya mafuta ya kula, ya lita tano tano, yana maji. Nachuchumaa mara kumi, natuma. Kabla sijamaliza chai, sauti yake imeshaingia.

"Shikamoo baba. Mara saba za mwanzo ziko vizuri. Kuanzia ya nane visigino vinanyanyuka na kiuno kinajikunja kwa chini. Tazama sekunde ya thelathini na moja. Keshokutwa weka kipande cha ubao chini ya visigino, halafu ushuke ukihesabu mpaka nne."

Nikaitazama sekunde ya thelathini na moja. Katika miaka 52 sikuwa nimewahi kuuona mgongo wangu ukifanya kazi. Kioo cha jimu hakiwezi kukuonyesha, maana ukigeuza shingo kutazama ubavuni tayari umeshaharibu mkao. Na kocha wa ana kwa ana, awe mwangalifu kiasi gani, huona mara moja tu. Jicho halirudishi nyuma. Binti wa Mwanza alikuwa ameipunguza mwendo, ameisimamisha, amechora mstari mwekundu kutoka nyonga hadi kisigino, na bado alikuwa na wateja wengine wa kuwaamkia. Niambie sasa, kati ya hao wawili, nani ameniona?

Wanasema pia kwamba bila vifaa vya jimu hakuna mazoezi ya maana. Hapa nawaonea huruma, kwa sababu hawajakaa na dumu wakalifikiria. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita tano ni mzigo wenye mizani yake. Nilianza na lita tatu kila mkono, kocha akawa ananiongezea nusu lita kila baada ya wiki mbili, nami natia alama ya kalamu kwenye plastiki. Vyuma vingi vya mkononi kule jimu huruka kutoka kilo tano hadi kilo saba na nusu. Hiyo ni kuongeza nusu nzima ya mzigo kwa siku moja, na bega la mtu wa miaka 52 linaijua tofauti hiyo. Dumu lilipojaa tukahamia mchanga mkavu, ambao lita moja yake ni kama kilo moja na nusu. Zile jimu zetu za uswahilini, za saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi pande mbili za bomba, nazipenda kwa moyo wote. Zimelea wanaume wengi wenye mabega. Lakini nani amewahi kupima kama kopo la kushoto lina uzito sawa na la kulia?

Turudi kwenye kuangaliwa, ndipo ugomvi wenyewe ulipo.

Mwezi wa tano nilijaribu kumwibia kocha. Ilikuwa Alhamisi ya mvua, umeme umekatika, mwili mzito. Nikamtumia video niliyoirekodi Jumatatu, nikarudi kitandani. Majibu yakaja saa mbili asubuhi: "Baba, hii ni ya Jumatatu. Jumatatu ndiyo ulikuwa na plasta kwenye kidole gumba." Nikatafuta uongo wa pili sikuupata. Akaendelea: "Ukichoka niambie umechoka, nitaandika umechoka. Ukinidanganya nitaongeza maji kwa ajili ya mazoezi ambayo mwili haujayafanya, halafu utaumia wewe, mimi niko huku."

Hicho ndicho ninachokilipia. Orodha ya mazoezi ningeipata popote. Nalipia mtu ambaye, Alhamisi ya mvua, anajua kidole changu kilikuwa na plasta Jumatatu. Na kwa sababu yuko mbali, hawezi kunikagua kwa kunitupia jicho. Inabidi mimi mwenyewe nimpelekee habari za mwili wangu. Nimelala saa ngapi. Goti lilisema nini kwenye ngazi. Zoezi la mwisho lilikuwa zito kiasi gani, kuanzia moja mpaka kumi. Namba hiyo mwanzoni niliiona ya kitoto, mpaka nilipojua ina ukoo. Msweden mmoja, Gunnar Borg, ndiye aliyebuni kipimo cha jinsi mtu anavyohisi uzito wa kazi anayoifanya, na chake cha kwanza kilianzia 6 hadi 20, kwa hesabu kwamba ukizidisha kwa kumi unakaribia mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya. Akihisi 13, moyo unapiga kama 130 kwa dakika. Hisia ya anayefanya, ikisemwa kwa ukweli, ni kipimo. Wa jimu hakuwahi kuniuliza namba. Aliisoma usoni pangu, na usoni pangu, mbele ya vijana wale, palikuwa pamejaa aibu tu.

Beki wangu wa kulia aliposikia hayo akatoa silaha yake kubwa. "Hata Kipchoge, pamoja na yote, ana kocha anayesimama pembeni na saa." Nikamshukuru, maana alikuwa ameniletea mfano ambao ningeutafuta mimi. Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, anatoka eneo moja la Nandi na Eliud Kipchoge. Jinsi walivyoanza, wamesimulia wenyewe mara nyingi. Kijana mdogo alimfuata akamwomba programu ya mazoezi. Sang akampa ya siku chache. Kijana akaenda nayo, akaifanya peke yake, ikaisha, akarudi kuomba nyingine. Ikawa hivyo kwa miezi kadhaa kabla Sang hajashughulika hata kumuuliza jina. Mwaka 2003, Paris, kijana huyo aliwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5000 na kuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Baadaye ndiyo, ikaja kambi ya Kaptagat, ikaja saa na kocha wa pembeni. Lakini msingi uliwekwa kwa programu ya kuchukua na kurudi kutoa taarifa. Na mpaka leo Kipchoge anasifika kwa madaftari yake, anayoandika mazoezi ya kila siku, daftari juu ya daftari. Bingwa aliyekimbia maratoni ya Vienna kwa saa 1:59:40 anaandika kwa kalamu alichokifanya Jumanne. Mimi wa Tabata nijione mkubwa mno kuandika?

Rafiki yangu alisema hiyo ni hadithi ya mtu mwenye kipaji. Kweli. Basi asiulete mfano wake tena.

Kuna wale wanaosema mitandaoni kumejaa mafunzo ya bure, mtu kulipa ni ujinga. Hoja hii ni nyepesi, na nitaipita haraka. Mafunzo ya mwili ya kutumwa kutoka mbali yalikuwepo kabla ya simu hizi. Charles Atlas, Mwitaliano aliyehamia Marekani, tangu miaka ya 1920 aliuza kwa posta masomo ya kujenga mwili bila vyuma, na matangazo yake nyuma ya vitabu vya katuni yakaenea duniani. Masomo yalikuwa yaleyale kwa kila aliyelipa, awe mnene au mwembamba, mwenye goti bovu au zima. Video ya bure ni Atlas aliyepewa muziki. Inafundisha, sikatai. Ila inasema na watu laki tatu kwa pamoja, na hakuna hata mmoja wao itakayemkosa kesho asipoonekana. Anayeweza kufanya mazoezi miaka kumi kwa video za bure, Mungu amzidishie. Huyo hakuhitaji kocha wa aina yoyote, wa jimu wala wa simu.

Na wale wa "babu zetu hawakuwa na makocha"? Hawa wana hoja kuliko wanavyojua, na kwa sababu hiyo wanashindwa. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makonda walikuwa watu wa tabaka moja, mitaa ileile, mishahara inayokaribiana. Tofauti ilikuwa kwamba dereva alikaa siku nzima na konda alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua ulikuja umri umekwenda zaidi. Basi babu yako alikuwa konda, bwana. Alilima, alichota, alikwea. Wewe ni dereva: kiti cha ofisini, kiti cha daladala kwenye foleni ya Buguruni, kiti cha sebuleni. Babu hakuhitaji programu kwa sababu maisha yalimwandikia moja. Wewe nani amekuandikia?

Hapa watasema klabu ya jogingi inatosha. Nami nipo kwenye klabu, kila Jumapili, fulana ya njano, nyimbo, supu baadaye. Siibezi. Kocha wa mtandaoni hawezi kunipa ule utani wa njiani, na sijawahi kusikia aliyecheka peke yake na simu mpaka mbavu zikauma. Ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu ya hizo, siku mbili au zaidi za mazoezi ya kutia misuli nguvu. Sehemu hii ya pili ndiyo tunayoiruka. Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, na mzee anayeshindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika meza hakuangushwa na pumzi, miguu ndiyo imekwisha. Jumapili yangu inanipa jasho. Madumu ya Jumanne na Alhamisi yananipa miguu ya kuijia hiyo Jumapili nikifika sabini.

Jambo lingine halisemwi kijiweni kwa sababu kijiweni tumekaa wanaume watupu. Mke wa mdogo wangu anaishi Tanga, ana duka na watoto watatu. Jimu iliyo karibu naye imejaa wanaume na vioo, na saa ya wanawake ni ya asubuhi, yeye yuko kaunta. Anafanya mazoezi usiku, watoto wamelala, na kocha wake mwanamke aliye mji mwingine. Ukimwambia shemeji huyu kwamba mazoezi ya kweli ni ya jimu, umemwambia kwamba mazoezi ya kweli si yake. Wanaoicheka simu hawajawahi kufungiwa mlango ambao simu iliufungua.

Ni yeye pia aliyenipa pingamizi zito kuliko yote ya kijiweni. "Shemeji, hizo video zako zinakaa wapi?" Yeye humtumia kocha hesabu na sauti; akilazimika kutuma video huvaa dera na kuonyesha kuanzia magoti kushuka chini. Yuko sahihi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiingii kwenye simu ya kocha kufuta picha za mteja aliyeacha. Mimi nilimuuliza wangu, akasema hufuta kila baada ya wiki nne. Namwamini, na najua kwamba kuamini ndicho kitu pekee nilichonacho hapo.

Niseme na la matapeli, maana nikilikwepa nitakuwa nimedanganya kama ile Alhamisi. Wapo, na ni wengi. Wana picha mbili, ya kabla na ya baada, ambazo wakati mwingine hata kitovu hakifanani. Wana programu moja wanayoibandika kila jina. Wana chai za kupunguza tumbo, na ukiona mazoezi yameanza kuzungumza habari za chai, funga mkoba. Neno kocha halilindwi na yeyote. Ukiamka kesho ukajiita kocha, umeshakuwa. Lakini hilo ni kweli kwa mwenye filimbi pia. Njia yangu ya kumpima ni swali lake la kwanza. Kanada, miaka ya 1970, walitunga dodoso fupi, baadaye likasimama kwenye maswali saba, la kumuuliza mtu kabla hajaanza mazoezi: moyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu, mifupa na viungo, dawa za presha. Binti wa Mwanza aliniuliza mambo hayo siku mbili kabla ya kutaja bei. Nilipomwambia presha yangu hupanda, alikataa hela mpaka nipimwe zahanati na nimtumie majibu. Tapeli hajui kukataa hela.

Na kuna watu ambao simu haiwafai, bila ubishi. Aliyepata kiharusi anahitaji mikono ya mtaalamu wa viungo. Anayelala chini ya chuma cha kilo mia anahitaji mtu wa kukidaka, na sauti kutoka Mwanza haidaki kitu. Wakosoaji waliosoma kidogo hunitajia pia tafiti zinazoonyesha kwamba wazee wanaofanya mazoezi chini ya msimamizi hupata nguvu na uwiano wa mwili kuliko wasiosimamiwa. Nazikubali. Lakini tazama nani amelinganishwa na nani: msimamiwa na aliyeachwa peke yake na karatasi. Mimi sikuachwa. Hata wizi wangu wa video ulidumu saa tatu tu.

Jumamosi iliyopita niliacha maneno. Nikamwambia beki wangu asimame, achuchumae mara kumi tu, pale pale chini ya mwembe, kikombe cha kahawa akiweke chini. Nikaegemeza simu kwenye birika la muuzaji, usawa wa kiuno, ubavuni. Alishuka kwa madaha, mikono mbele, kama anasubiri kona. Vijana wa bodaboda wakamhesabia kwa sauti. Tulipoitazama, nikaisimamisha kwenye mara ya tano: visigino hewani, mgongo umepinda kama ndoano. Alinyamaza. Akaninyang'anya simu, akairudisha nyuma, akaitazama upya, akaikuza kwa vidole viwili.

"Hili birika," akasema, "limekaa upogo."